Kipimo cha Akili Kilivyopotoshwa

Mwaka 1905 Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga, huko Paris, maswali ya kupimia akili za watoto. Shabaha ilikuwa kuwatambua waliohitaji msaada shuleni, wasaidiwe. Binet alipinga wazo kwamba akili ya mtu haiongezeki.

Binet alifariki mwaka 1911, na wataalamu wa Marekani wakakifanya kipimo hicho chombo cha kuwapanga watu madaraja. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Robert Yerkes na wenzake waliwapima askari wapatao 1,750,000. Asiyejua Kiingereza alipewa picha, achore kilichokosekana. Moja ilikuwa ya uwanja wa tenisi usio na wavu! Mkulima aliyehamia kutoka Sicilia angeujulia wapi wavu huo? Hapo kilichopimwa ni maisha aliyoishi mtu, si akili yake.

Hata hivyo, mwaka 1923 Carl Brigham, msomi wa Princeton, alizitumia takwimu hizo kudai kuwa Wazungu wa kaskazini wamewazidi wengine kwa akili. Mwaka 1930 aliyakana madai hayo mwenyewe kwa maandishi. Lakini sheria ya mwaka 1924, iliyowabana wahamiaji wa kusini na mashariki ya Ulaya, ilikuwa imekwisha kupita, na utaratibu wake wa mgao uliendelea hadi 1965.