Picha inasema damu, kumbe ni uvimbe: Somo kwa wagonjwa wa kichwa wa Bondeni

Kyela. Ukiumwa kichwa huku Bondeni, cha kwanza kushukiwa ni malaria. Ukiumwa kichwa baada ya kuanguka na bodaboda, kinachoshukiwa ni damu kuvilia ndani ya fuvu. Mara nyingi makisio hayo huwa sahihi. Shida ni zile mara chache ambazo siyo.

Chukulia mfano huu. Mama wa miaka 60 kutoka Ipinda anaumwa kichwa wiki tatu. Amemaliza dozi ya malaria, hakuna nafuu. Mkono wa kulia unaanza kuishiwa nguvu, maneno yanampotea. Familia inakumbuka aliwahi kuteleza kwenye shamba la kakao.

Anapewa rufaa kwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 100 kupitia Tukuyu. CT scan inaonyesha kitu chenye umbo la mwezi mchanga kati ya fuvu na ubongo. Jibu: damu imevilia. Fuvu linatobolewa ili itolewe, lakini damu hamna. Kuna nyama iliyoshikana na utando wa ubongo.

Huo ni mfano tu wa kuelewesha. Lakini visa vya namna hiyo vipo, na madaktari wa nchi mbalimbali wameviandika kwenye majarida ya kitabibu.

Kwa nini vinafanana?

Ubongo umefunikwa na utando. Mtu akigonga kichwa, mshipa mdogo unaweza kupasuka na damu ikatandaa chini ya utando ule mgumu wa nje. Kwa wazee inaweza kuvuja taratibu, dalili zikaja wiki kadhaa baadaye, hata kama waligonga kidogo tu.

Sasa kuna uvimbe ambao nao hutandaa kwenye utando huo kama chapati, badala ya kuota kama tufe. Kwenye CT scan ya kawaida, damu mbichi huonekana nyeupe, na kadiri siku zinavyokwenda inafifia. Baadhi ya uvimbe huu una weupe unaokaribiana na wa damu. Sehemu ni ileile, umbo ni lilelile. Ukiongeza na stori ya "alianguka", hata daktari mzoefu anaweza kukosea.

Tofauti ipo kwenye matibabu

Damu iliyovilia muda mrefu mara nyingi hutolewa kwa kutoboa fuvu tundu dogo. Uvimbe hautoki hivyo.

Kuna meninjioma, unaoanzia kwenye utando wenyewe na mara nyingi siyo saratani. Kuna limfoma ya utando, ambayo ni nadra sana. Aina yake inayokua taratibu huitikia vizuri mionzi. Na kuna saratani iliyosambaa kutoka kwingine, kama titi, tezi dume au mapafu.

Kuna mtego mwingine: saratani iliyofika kwenye utando inaweza yenyewe kusababisha damu kuvuja. Yaani daktari anaweza kukuta damu kweli, na bado uvimbe ukawepo.

Mashine zimekuja, bado nini?

Miaka ya nyuma kupata CT scan kwa mtu wa mkoani ilikuwa safari ya Dar es Salaam. Hali imebadilika. Sehemu ya mkopo wa Sh1.3 trilioni ambao Tanzania ilipata IMF mwaka 2021 ilitumika kununua mashine hizo kwa hospitali za rufaa. Ni hatua kubwa.

Lakini picha siyo jibu kamili. Kinachotenganisha damu na uvimbe ni picha ya pili, inayopigwa baada ya mgonjwa kuchomwa dawa ya kung'arisha. Uvimbe huifyonza dawa ukang'aa, damu peke yake haifanyi hivyo. MRI nayo husaidia zaidi. Uhakika wa mwisho hutoka maabara, kwenye kipimo cha kinyama.

Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Kila hatua ni gharama: nauli, kulala mjini, vipimo. Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji anaongea, watu wanashukuru Mungu na kurudi Kyela. Majibu ya kinyama, kama kilichukuliwa, yanabaki bila mtu wa kuyafuata. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwa mgonjwa kama huyu, kipimo cha faida kwake ni kama bima italipia hatua hizo za mwisho pia.

Ufanye nini?

Kwanza, usichelewe. Uvimbe wa aina hii ni nadra, na damu iliyovilia kweli inaua. Daktari akisema upasuaji ni wa haraka, ufanyike.

Pili, mweleze daktari historia yote. Kama mgonjwa aliwahi kutibiwa saratani, au hakuna anayekumbuka akigonga kichwa, sema.

Tatu, uliza: picha ya dawa inahitajika? Kama wamekuta kitu kisicho cha kawaida, kinyama kimepelekwa maabara? Majibu yanatoka lini, na nani atayachukua?

Hayo maswali siyo ubishi, wala huhitaji kusomea udaktari kuyauliza. Namba ya simu ya kufuatilia majibu iandikwe kabla gari halijaanza kushuka Tukuyu kurudi nyumbani.