Adhabu Ikiisha, na Iishe

Mtu atokaye katika Gereza la Ubena hupita langoni mara moja tu, lakini lango lile humfuata. Hufika barabara kuu, Chalinze upande mmoja na Morogoro upande wa pili, amevaa nguo zake mwenyewe, na deni lake kwa umma amekwisha kulilipa. Hata hivyo, siku atakapoomba kazi ya ulinzi kiwandani, au atakapotaka hati ya Polisi ili aende kutafuta riziki Uarabuni, zitachukuliwa alama za vidole vyake, na lile alilolitenda ujanani litaamka kana kwamba lilitendeka jana.

Sisi twasema kuwa jambo hili si la haki, na wala halina faida kwa taifa.

Isidhaniwe kwamba tunautetea uhalifu. Mwizi wa mali ya umma huwaibia wafanyakazi wote, na hakimu amfungapo hufanya kazi tuliyomtuma. Lakini hakimu hupima. Asemapo miaka miwili, maana yake ni miaka miwili. Hakusema miaka miwili pamoja na maisha ya kufukuzwa kila mlangoni. Adhabu hii ya pili haikuamriwa na mahakama yoyote, haina kipimo, wala haina rufani.

Tutazame sheria zetu zinasemaje. Ibara ya 45 ya Katiba humpa Rais uwezo wa kusamehe, kupunguza au kufuta adhabu. Tarehe 9 Desemba 2017, Rais Magufuli aliutumia uwezo huo kuwasamehe wafungwa 8,157, nao 1,828 miongoni mwao wakaachiwa. Iko pia Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, ambayo humwezesha mfungwa wa miaka minne au zaidi, aliyekwisha kutumikia theluthi ya kifungo chake, afikiriwe kumalizia sehemu iliyobaki nje ya gereza. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 38, humruhusu hakimu kumwachia mkosaji bila adhabu, kwa sharti la kutotenda kosa jingine kwa muda usiozidi miezi 12.

Haya yote ni mema, lakini yanahusu adhabu. Kumfungulia mtu mlango ni jambo moja, na kulifunga daftari lililoandikwa jina lake ni jambo jingine. Sheria iliyo wazi, inayomwezesha raia aliyekaa miaka kadhaa bila kosa kuomba kumbukumbu ya hatia yake isimamishwe, bado hatuna.

Wenzetu wanayo. Uingereza ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1974, na Afrika ya Kusini ilifungua njia ya kufuta kumbukumbu za makosa madogo baada ya miaka 10. Huko Kanada, mtu aliyemaliza adhabu yake yote, pamoja na kulipa faini, husubiri miaka 5 kwa makosa madogo na miaka 10 kwa makubwa, kisha huomba kwa Bodi ya Parole. Akikubaliwa, kumbukumbu yake haichomwi moto, bali huwekwa kando, isionekane na kila mwajiri. Akirudia uhalifu, yaweza kurudishwa.

Lakini hata Kanada kuna funzo la kuangaliwa. Mwaka 2012 ada ya maombi ilipandishwa hadi dola 631, ikawa haki ya mwenye fedha. Ikashushwa hadi dola 50 mwanzoni mwa mwaka 2022. Tena yako makampuni yanayotoza fedha nyingi kwa kujaza fomu, ijapokuwa Bodi yenyewe hutangaza kuwa mwombaji halazimiki kuwa na wakili wala wakala.

Hapa kwetu ugonjwa huo tunaujua kwa jina: ni vishoka. Hukaa karibu na mahakama, huvaa tai, na humwahidi mtu mwenye taabu kuwa kwa kiasi fulani cha fedha jina lake “litasafishwa” Polisi. Mkono mtupu haulambwi. Basi maskini huuza mbuzi wake, na mwisho wa yote jina liko pale pale. Mwananchi na afahamu kuwa hakuna mtu awezaye kuuza kile ambacho sheria haijakiweka. Anayetaka kujua kama mtu ni wakili wa kweli, na aulize Mahakama, kwani ndiyo iliyo na daftari la mawakili.

Msaada wa mtaalamu wa kweli una kazi nyingine, nayo ni kubwa. Yuko mtu aliyetiwa hatiani bila haki. Kwa huyo, dawa ni rufani, na rufani ina siku zake. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio itolewe ndani ya siku 10, na rufani yenyewe ndani ya siku 45. Mtu asiyejua hesabu hii huweza kupoteza haki yake akiwa amekaa nayo. Aliyechelewa kwa sababu ya msingi aweza kuomba aongezewe muda, lakini maombi hayo yataka mwandishi anayeijua sheria. Ndiyo maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria na kutaka asiye na uwezo asaidiwe bila malipo.

Wako watakaosema: je, tumfiche aliyewadhuru watoto, ili akaajiriwe shuleni? La, hasha. Hata Kanada makosa ya kujamiiana yanayowahusu watoto kwa kawaida hayapati nafasi hiyo. Sheria njema hutenganisha. Lakini kijana aliyepigana kilabuni, au aliyeiba baiskeli, na kisha akalima kwa amani miaka kumi, kwa nini awekwe kapu moja na mtu hatari?

Na wale wanaodhani kuwa mtu aliyetiwa hatiani hafai tena, tuwakumbushe historia. Mwaka 1958 mahakama ya mkoloni ilimtia Mwalimu Nyerere hatiani kwa kashfa dhidi ya wakuu wa wilaya, kwa maandishi yake katika Sauti ya TANU, ikamtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alitetewa na wakili mashuhuri, D. N. Pritt, aliyetoka Uingereza. Kosa lake lilikuwa la siasa, nasi hatulilinganishi na wizi. Lakini kama wananchi wangemhesabu kwa daftari la mahakama, nani angeliongoza taifa mwaka 1961?

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, Bunge litunge sheria ya kusimamisha kumbukumbu za hatia, yenye miaka inayojulikana na ada ambayo mkulima wa Ubena aweza kuilipa. Pili, msaada wa kisheria umfikie mfungwa kabla hajatoka, sio baada ya kukutana na kishoka barabarani. Tatu, vyama vya wafanyakazi viwahimize waajiri wamuulize mtu juu ya kosa linalohusiana na kazi anayoiomba, wasimwulize maisha yake yote.

Na wewe, ndugu mwanachama, usingoje sheria. Jirani yako akirudi, mpe jembe, mpe nafasi katika ushirika, mwite kwa jina lake. Ahadi ya mwanachama wa TANU ilianza kwa kukiri kuwa binadamu wote ni ndugu. Haikuweka sharti kwamba awe hajapata kufungwa.