GONGO NA HONGO

Si ajabu siku hizi kumsikia kijana wa mjini, mwenye kazi na mshahara wake, akisema kwamba angependa kujifunza kupika pombe kali ya nafaka nyumbani, si kwa kuuza bali kwa kujifurahisha, maana chupa ya dukani ni ghali na debe la mahindi ni nafuu. Twamwelewa. Lakini katika nchi yetu jambo hilo lina jina lake la tangu zamani, nalo ni gongo. Na gongo si mchezo. Ni jambo la sheria, ni jambo la afya, na zaidi ya yote ni jambo la riziki ya watu maskini. Kabla ya kulicheka au kulilaani yafaa tulitazame kwa makini, na mahali pazuri pa kulitazamia ni Tabora.

Tabora ni mji uliozaliwa na njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika pale Unyanyembe. Na vijiji vya njiani viliishi kwa kuwauzia wapagazi chakula. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 walikuta kituo kikubwa cha biashara, na Burton akaandika habari za pombe ya mtama iliyonywewa Unyamwezi. Hiyo ilikuwa pombe ya kuchachusha tu. Nafaka hulowekwa mpaka ikachipua, ikawa kimea. Kimea hukaushwa, kikasagwa, kikapikwa, kikaachwa kichachuke. Kinywaji hicho ni nusu chakula, nacho hakidumu siku nyingi. Hakuna aliyekificha, maana kilinywewa mavunoni, harusini na matangani.

Kukeneka ni ujuzi mwingine, nao ulitujia baadaye kutoka nje. Jirani zetu wa Uganda huita kinywaji hicho waragi, neno lenye asili ya araki ya Waarabu, nao walikipata kwa askari wa Kinubi waliotoka Sudani. Kazi yenyewe si ya ajabu. Pombe iliyochachuka hutiwa katika pipa lililofunikwa barabara, na moto huwashwa chini. Kileo hugeuka mvuke kwenye nyuzi 78, hali maji hungoja nyuzi 100. Mvuke ule hupita katika bomba lililozamishwa katika maji baridi, ukatoka upande wa pili tone kwa tone. Jina jingine la gongo, yaani moshi, lasadifu kazi hiyo. Lakini tone hilo laweza kuwa na nguvu mara kumi ya pombe iliyotiwa katika pipa, na hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Wakoloni waliwahi kulikataza jambo hili. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukakataza hata kuikeneka. Lakini katazo hilo halikuwa sawa kwa watu wote. Mzungu alikunywa wiski yake klabuni bila bughudha, na Mwafrika aliyekutwa na chupa alipelekwa mahakamani. Basi si ajabu kwamba watu wetu walijifunza kuiona sheria ya pombe kuwa fimbo ya mtawala, wala si ngao ya raia.

Baada ya Uhuru Serikali ilitunga sheria yake yenyewe, Sheria ya Moshi ya mwaka 1966. Yafaa ieleweke wazi kwamba sheria hiyo haikusema tu, "Usipike." Ilisema, "Usipike bila leseni." Uganda nao katika miaka hiyohiyo walitunga sheria ya enguli, iliyotaka mpikaji wa kijijini awe na leseni na amuuzie mwenye kiwanda, naye kiwanda aisafishe na kuitia katika chupa. Mlango basi uliwekwa. Lakini twauliza: ni mama gani wa kandokando ya mji wa Tabora aliyepata kuishika leseni hiyo mkononi? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiwanda cha Dar es Salaam kilianza kutoa Konyagi, ikaenea nchi nzima, ikalipa kodi. Mpikaji mdogo akabaki porini na pipa lake, akiwasikiliza mgambo.

Hapa twakumbuka neno la njia ile ya zamani. Msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulimlipa hongo, na hongo wakati huo haikuwa aibu. Ilikuwa ni ushuru. Ililipwa mchana, mbele ya watu, kwa vitambaa na shanga na waya, na aliyeilipa alipata ruhusa ya kupita. Leo neno ni lilelile, lakini maana imeoza. Apikaye gongo kwa siri hailipi Serikali hata senti moja, lakini asidhani mtu kwamba halipi kitu. Hulipa kwa yule anayejua pipa lilipo na kunyamaza. Hulipa tena kwa yule atakayekuja mwezi ujao. Na siku asipokuwa na cha kulipa hukamatwa, pipa likatobolewa, naye akaacha watoto nyumbani. Hazina ya Taifa haikupata kitu, mnywaji hakulindwa, na biashara yenyewe kesho yake yaendelea nyumba ya pili.

Wako watakaosema kwamba tunaitetea gongo. La, hasha. Pombe kali huvunja nyumba, huharibu ini, na humtoa mfanyakazi katika kazi yake. Gongo ina hatari zake nyingine pia. Wapikaji wengine hutumia rejeta kuukuu za magari au mabomba yaliyounganishwa kwa risasi, na madini hayo huingia katika kinywaji, yakadhuru ubongo na figo polepole bila mtu kujua. Kubwa kuliko hayo ni methanoli, kileo cha viwandani kisichofaa kunywewa. Mwili huigeuza kuwa asidi iuayo mshipa wa jicho. Vijiko viwili vya chai vyaweza kumpofusha mtu, na kiasi kidogo zaidi ya hapo chaweza kumwua.

Watu wengi hudhani kwamba methanoli hiyo hutoka katika nafaka. Ukweli ni kwamba nafaka iliyochachuka hutoa kidogo sana. Vifo vya makundi kwa kawaida huletwa na mchuuzi anayechanganya kileo cha viwandani ili apate faida ya haraka. Mwezi Novemba 2000 watu zaidi ya mia walikufa Nairobi, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe ya namna hiyo. Mwezi Aprili 2010 msiba kama huo uliwapata watu wa Kabale, Uganda. Mnywaji hawezi kuitambua sumu hiyo kwa ladha wala kwa harufu. Na kwa kuwa chupa haina jina la aliyeipika, hakuna wa kuulizwa. Siri ndiyo iuayo zaidi kuliko pipa.

Je, yatosha kuifungua sheria? Jirani zetu watufundishe. Kenya waliihalalisha chang'aa mwaka 2010, kwa masharti ya leseni, chupa na alama. Lakini mwaka 2014 watu wengi walikufa tena kwa sumu ileile. Uganda nako wapikaji wengi waliendelea kuuza kwa siri ijapokuwa sheria ya enguli ilikuwapo. Sheria bila mkaguzi ni mlango bila bawaba. Nasi wenyewe tulipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, na jambo hilo lilikuwa jema, maana watoto wa shule walikuwa wakivificha mifukoni. Lakini kiu ya pombe ya bei nafuu haikufutwa kwa tangazo.

Na huyu kijana wetu apendaye kujifurahisha, tumwambie nini? Kweli, New Zealand waliruhusu mwaka 1996 mtu akeneke nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, asiuze. Lakini hapa kwetu sheria haimtambui mpikaji wa kujifurahisha. Chupa moja bila leseni ni kosa. Tena yeye ana mshahara. Mama wa Tabora anayepika hakupika kwa furaha. Amepika kwa sare na madaftari ya watoto. Haifai tumfungulie mlango mwenye nacho na kumfungia asiye nacho.

Sisi twaona njia ni hii. Leseni ile iliyotajwa tangu mwaka 1966 na itolewe kweli, tena kwa vikundi vya ushirika, wala isiwe kwa matajiri tu. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, iwafundishe wapikaji kutumia mitambo isiyo na risasi. Shirika la Viwango lipime kila pipa kabla halijauzwa. Methanoli ya viwandani ilindwe kama inavyolindwa baruti. Na mwaka wa njaa, nafaka iwe ya chungu cha ugali kwanza.

Mpaka siku hiyo, sheria ni sheria, na twawasihi ndugu zetu wasinywe wasichokijua. Aliyekunywa akaona ukungu machoni asilale akingoja kupona. Apelekwe hospitali upesi, maana dawa ipo ikiwahi. Lakini wenye mamlaka nao wakumbuke kwamba mtemi wa zamani alipokea ushuru wake mchana. Biashara ifanywayo gizani itaendelea kutoza malipo yake gizani, na wanaoyalipa ni walewale wasio na kitu.