Usione Vyaelea

Kauli hii imerudiwa mno, na kila inaporudiwa huvishwa kilemba cha elimu: kwamba bluzi, muziki wa Weusi wa kusini mwa Marekani, ni mafungu matatu tu ya sauti, na kwamba anayeupiga kwa kinanda cha mdomo hana la kujifunza, avute pumzi, aitoe, basi. Nasema kauli hii si elimu, ni uvivu wa masikio. Na sisi watu wa mashairi ndio tuliopasa kuwa wa mwisho kuikubali, kwani ndiyo hiyo hiyo tunayotupiwa sisi: mizani kumi na sita na vina viwili, kuna nini hapo?

Natuanze na hesabu. Umbo la bluzi lililozoeleka lina hatua 12, kila hatua mapigo 4. Hatua nne za mwanzo hukaa katika fungu la kwanza, ndiko nyumbani. Mbili zifuatazo huenda fungu la nne, na mbili nyengine hurudi. Ya 9 hupanda fungu la tano, ya 10 hushuka la nne, na mbili za mwisho hurejea nyumbani. Juu ya msingi huo hukaa mishororo mitatu: wa kwanza husema, wa pili hukariri, wa tatu hujibu. Kila mshororo una hatua zake nne, walakini mwimbaji aghalabu hazijazi. Huacha karibu nusu yake tupu. Katika utupu huo ndimo kinanda kinamojibu. Je, mwenye kujua kibwagizo ni nini ataliita hilo umaskini?

Sasa kitazameni chombo chenyewe. Ni kijisanduku chenye matundu 10, kazi ya viwanda vya Ujerumani. Kampuni ya Hohner, iliyoasisiwa Trossingen mwaka 1857, ilianza kuuza aina yake mashuhuri, Marine Band, mwaka 1896. Mpangilio wake ulikusudiwa nyimbo za Ulaya. Katika kinanda cha C, ukipuliza unapata fungu la C, ambalo ndilo nyumbani. Ukivuta matundu ya chini unapata fungu la G, ambalo kazi yake ni kukurejesha nyumbani. Wapigaji wa bluzi waliipindua amri hiyo. Waliihamisha nyumba, wakakaa katika G, wakavuta pale palipotakiwa kupulizwa. Hawakufanya hivyo kwa kutojua. Katika matundu 6 ya mwanzo, sauti ya kuvuta ndiyo iliyo juu kuliko ya kupuliza, na kwa hivyo ndiyo inayokubali kukunjwa kwa ulimi na koo hadi ishuke. Katika tundu la 3, sauti ya B hushushwa kidogo kidogo, ikapita mahali ambapo piano haina kitufe. Hapo ndipo bluzi inapolia.

Lakini nyumba iliyohamishwa ina deni lake. Fungu la kwanza limo katika kuvuta, la nne limo katika kupuliza; la tano, yaani D, halimo kamili. Lahitaji F iliyopandishwa nusu sauti, nayo haikuwekwa chomboni. Basi mpigaji huikunja sauti ya tundu la 2 apate hiyo F, akaikunja ya tundu la 3 apate A, moja baada ya moja, katika hatua ya 9, wimbo ukienda mbio. Huyu ndiye asiyejua kitu?

Mwaka 1952, mjini Chicago, Little Walter alirekodi "Juke", wimbo usio na neno hata moja, nao ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard ya muziki wa Weusi. Hakuongeza fungu la nne. Aliyatumia yale yale matatu.

Watakuja wengine, wa upande wa pili, waseme: basi hatua 12 ni sheria, na azipunguzaye amekosa. Nao pia nawakatalia. John Lee Hooker alikaa nyimbo nzima katika fungu moja na akazihesabu hatua apendavyo, na hapana aliyemtoa katika bluzi. Ila yeye alikuwa anaijua nyumba aliyoiacha. Kuvunja ukuta ambao hukuwahi kuuona si uhuru, ni kujikwaa.

Kwa hivyo, wapenzi wa ushairi, tusidanganywe na hesabu ya vipande. Umbo dogo halimpunguzi msanii, humfichua. Mwenye sauti mia ana pa kujificha, mwenye tatu hana. Kijana akikwambia kuwa shairi lenye vina limekwisha kwa kuwa vina ni vichache, mpe kinanda cha matundu 10, mwambie akitoe fungu la tano. Akirudi, ndipo tuzungumze. Wahenga wetu wa pwani walikwisha kutuonya: usione vyaelea, vimeundwa.