Hofu nayo inavunja mutu wa kazi

Juma iliyopita mama mumoja wa Kolwezi aliingia mu biro yetu na sasheti nyeusi mukononi. Ndani mulikuwa fishi za mushahara za bwana yake, karatasi mbili za munganga, na barua moja ya kampuni. Alizipanga juu ya meza moja moja, kisha akauliza: «Ba papa, mukono yake haikukatika. Mugulu haikuvunjika. Sasa kule ku CNSS nitaonyesha nini?»

Bwana yake alikuwa anaendesha mashine chini ya udongo. Siku moja jiwe la juu lilianguka, likapita nyuma yake, likamuua mwenzake. Yeye alitoka bila hata kidonda. Walimupa siku mbili za kupumzika, akarudi. Juma mbili za kwanza alifanya kazi kama kawaida. Juma ya tatu, wakati gari lilipoingia mu tuneli, moyo ukaanza kupiga kama ngoma, jasho, pumzi ikakatika, mikono ikakataa kushika usukani. Wakasema ni tension. Wakapima moyo: moyo muzima. Wakapima damu: malaria hapana. Tangu siku ile hakushuka tena. Ku nyumba analala na taa inawaka, na watoto wamejifunza kufunga mulango pole pole. Kisha miezi sita kupita, barua ya kampuni ikafika: kontra imekwisha.

Gazeti hili halitataja kampuni ile, kwa sababu habari kama hii tunaisikia kutoka pande zote, Likasi, Lubumbashi, Fungurume. Tunataka kujibu swali la ule mama, maana ni swali la nyumba mingi.

Kwanza, ugonjwa huu ni ugonjwa kweli. Waganga wanaita «trouble anxieux», ni kusema hofu ambayo imekatala kwenda hata wakati hatari imekwisha. Kila mutu anaogopa; mwenye kushuka mu mugodi bila kuogopa hata kidogo, huyo njo anahatarisha wengine. Lakini kuna hofu inayobaki miezi na miezi, inaiba usingizi, inafunga tumbo, inakaza shingo, inamufanya mutu muzima wa miaka 40 atetemeke juu kamyo imepiga honi. Wengine wanapata shambulio la gafula: kwa dakika chache tu mutu anasadiki kabisa kama anakufa. Wengine, baada ya kuona kifo karibu, wanaona ile kitu tena kila usiku. Hii ya mwisho, Shirika la Kazi la Kimataifa liliiingiza mu liste yake ya magonjwa ya kazi mu mwaka 2010, liste moja na silikose na uziwi wa makelele. Haiko uvivu. Haiko bulozi pia, hata kama jirani atakuambia twende kwa mufumu, na pasta atakuambia ni roho ya babu.

Sheria inasema nini? Sheria nambari 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya «sécurité sociale», ile ambayo CNSS inaifuata tangu ilipochukua nafasi ya INSS, inajua kitu kinachoitwa «pension d'invalidité», pensheni ya kilema. Inaelezea mwenye kilema kuwa ni mutu ambaye uwezo wake wa mwili ao wa akili umepunguka kwa kudumu, kwa ugonjwa ao ajali isiyotoka ku kazi, mupaka hawezi tena kupata zaidi ya sehemu moja ya tatu ya mushahara ambao mutu mwenye ufundi kama wake anaweza kupata. Na munganga aliyekubaliwa na CNSS lazima ahakikishe. Musome tena yale maneno: ya mwili AO ya akili. Kwa hiyo mwenye kukuambia ku gishe «hapa tunaangalia tu miguu na macho» anasema yake, hasemi ya sheria.

Lakini tusidanganyane, ba yaya. Mulango uko wazi, lakini ni mwembamba, na tutaonyesha wapi mutu anakwama.

Anakwama kwanza pa neno «kudumu». Wasiwasi ni ugonjwa unaoweza kutunzwa. Wengi wanapona kwa kuzungumuza na saikologe mara kwa mara, kwa kuzoea tena pole pole kile kinachowaogopesha, na kwa dawa munganga anazoandika na kufuatilia. Basi munganga wa CNSS atauliza: umetunzwa wapi, muda gani, dawa gani, na imebaki nini? Mutu aliyekaa mwaka nzima ku nyumba akikunywa lutuku ili alale, ao akinunua Valium moja moja ku farmasi ya pembeni, hana cha kujibu, na tena ameongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, maana zile dawa za kulaza zinashika mutu kama pombe. Mu Lubumbashi kuna Kituo cha Joseph Guislain cha Bafrere wa Mapendo, kinachotunza magonjwa ya akili. Watu wanaogopa kuonekana pale, wanasema jirani ataona. Jirani aone. Kila mara unapokwenda kwa munganga karatasi inabaki mu dosie, na dosie njo itakusemea mbele ya CNSS.

Anakwama pia pa karatasi yenyewe. Tuliangalia zile mbili za ule mama. Moja iliandikwa «anxiété, repos 15 jours». Nyingine: «stress». Kwa maneno kama hayo hakuna biro itakayolipa, na hatuwezi kuilaumu sana. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Karatasi nzuri inaeleza mutu hawezi kufanya nini: hawezi kushuka chini ya udongo, hawezi kuendesha mashine juu mikono inakufa gafula, hawezi kukaa mu chumba kilichofungwa, usiku analala saa mbili, shambulio linakuja mara ngapi kwa juma, tangu tarehe gani, na matunzo gani yalijaribiwa bila kufaulu. Umuombe munganga aandike hivyo. Haiko kumufundisha kazi. Na hapa bibi ya nyumba ana kazi kubwa, juu mugonjwa mwenyewe mbele ya munganga atasema «niko bien». Mama, uandike mu kaye: leo hakulala, leo alikimbia soko, leo alipiga mutoto juu ya kelele kisha akalia. Uende na ile kaye.

Tena kuna ile sehemu moja ya tatu. Kama kampuni inaweza kumupatia muchimbaji wetu kazi ku magazini, juu ya udongo, kwa nusu ya mushahara wa zamani, CNSS itasema huyu haiko invalidi, na kwa sheria itakuwa na haki. Sisi tunaona hii si mbaya. Kwa mutu wa miaka 35, kubadilishwa posti na kutunzwa ni bora kuliko pensheni ndogo ya kukaa bure chini ya muembe. Pensheni ni ya yule ambaye hata magazini haiwezekani.

Sasa tuje pa kitu kinachotukasirisha zaidi. Yule bwana haikupasa aende kwanza ku mulango wa pensheni ya kilema! Ugonjwa wake ulitoka ku ajali ya kazi. Jiwe lilianguka ku kazi, saa ya kazi, mbele ya macho yake. Ajali ya kazi ina tawi lake mu CNSS, ambalo kampuni inalipia 1,5% ya mishahara, mbali na zile 10% za pensheni ambazo kampuni na mufanyakazi wanagawana nusu nusu. Lakini kampuni ilitangaza ajali moja tu, ya yule aliyekufa. Yule aliyetoka akitembea, jina lake haliko popote. Na Kode ya kazi, inayomuruhusu patro kuvunja kontra baada ya miezi sita ya kutoweza kazi bila kukatika, inaondoa wazi mu ile ruhusa ajali ya kazi na ugonjwa wa kazi. Munaona mambo inavyogeuka? Kwa kukosa mustari mumoja mu kaye ya ajali, mutu amehesabiwa kama mwenye kuugua homa yake binafsi, na miezi sita ikatosha kumutupa inje.

Kwa hiyo tunaomba mambo, na tunaomba kwa nguvu. Kampuni ziandike mu tangazo la ajali kila mutu aliyekuwa pale, hata asiye na kidonda, na munganga wa kampuni awaone tena baada ya mwezi, maana ugonjwa huu unakuja umechelewa. Dele wa sindika, ambao tunawasikia vizuri wakati wa uchaguzi, wadai kopi ya tangazo siku ile ile. Kama patro anakataa kutangaza, mufanyakazi mwenyewe ao jamaa yake ana haki ya kupeleka tangazo ku CNSS. Na CNSS yenyewe iweke munganga wa akili kati ya waganga wanaoangalia dosie za Haut-Katanga na Lualaba. Munganga wa mifupa ni mutu wa heshima, lakini hofu haionekani mu radio.

Kwa yule ambaye angali mu kazi na ameanza kusikia dalili, tuseme wazi: usiandike barua ya kuacha kazi. Wengi wanaiandika kwa haya, juu wanaogopa neno «inapte» la visiti ya mwaka kuliko jiwe lenyewe. Ukiacha mwenyewe, unapoteza. Ukiwa mugonjwa kwa karatasi ya munganga, kontra inasimama tu, na wakati huo sheria inakupa sehemu mbili za tatu za mushahara pamoja na matunzo. Uhesabu ile miezi sita tangu siku ya kwanza, na dosie ya CNSS ianze kabla haijafika. Tena uende ku CNSS kuuliza kama michango yako inaingia kweli. Wenye kufanya na ba sutretanti, leo kampuni hii, kesho ile, mara mingi wanakuta miezi yenye shimo, na CNSS inahesabu sana miezi ya mwaka wa mwisho.

Tunajua kuna wasomaji wetu ambao yote haya hayawagusi: bakreze. Mu Juni 2019, kule KOV mu Kolwezi, udongo ulianguka juu ya vijana wetu na watu zaidi ya 35 wakafa. Wale waliochimba kwa mikono kutoa wandugu zao, nani aliwauliza wanalala namna gani? Hawana fishi ya mushahara, hawana nambari ya CNSS. Kode ya mine inawalazimisha kuingia mu koperative. Basi koperative zinazokata faranga ku kila mufuko zianzishe mituele, sheria ya Februari 2017 inazikubali. Mupaka leo, kwa sehemu kubwa, tunaona tu zikikata.

Ule mama tulimuambia aende na mambo mawili: apeleke tangazo la ajali kwa jina la bwana yake, pamoja na ushuhuda wa wenzake wawili wa posti ile, na arudi kwa munganga kuomba karatasi mpya. Aliuliza kama wale wenzake watakubali kuandika, kwa sababu wao bado wanafanya kule. Hatukuwa na jibu. Aliokota karatasi zake, akazirudisha mu sasheti, akaenda kutafuta gari la Kolwezi mbele ya giza.