Askari Ajiandae Kabla ya Altrasaundi

Ni jambo la kusikitisha kumwona askari aliyesafiri usiku kucha kutoka Moroto hadi Kampala, mwenye barua ya daktari mfukoni na ruhusa ya siku mbili tu, akirudishwa mlangoni mwa chumba cha altrasaundi kwa sababu ya kikombe kimoja cha chai ya maziwa. Hakukosa kwa makusudi. Aliambiwa akapigwe picha ya tumbo, naye akapiga saluti akaondoka. Hakuna aliyemweleza kwamba tumbo hilo lilipaswa kuwa tupu, wala yeye hakuuliza, maana sisi tuliolelewa katika gwaride tumezoea kupokea amri bila kudai sababu zake.

Mwandishi wa makala hii hana haki ya kumcheka. Mwaka mmoja nilipatwa na maumivu chini ya mbavu za kuume, nikaagizwa kwenda kupimwa bila kula. Saa kumi na mbili alfajiri nilipewa sahani ya katogo, nikaila, nikijiambia kwamba chakula kidogo hakiwezi kuizuia mashine. Nilipoulizwa kama nimekula, nilijibu kwa sauti ya kiaskari kwamba sijala. Mtaalamu alipitisha kifaa chake mbavuni kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole kwamba kifuko cha nyongo kimejikunja kama cha mtu aliyetoka mezani. Nilinyamaza, na vyeo vyangu mabegani. Baada ya siku nne nilirudi na njaa ya kweli, na vijiwe viwili vikaonekana.

Laiti ningalielezwa sababu, nisingalidanganya. Kifuko cha nyongo hujaa mtu anapokaa bila kula, na hujikamua anapokula, hasa vyakula vya mafuta. Kikiisha kujikamua, kijiwe kilichomo huweza kujificha. Isitoshe, chakula huleta hewa tumboni, na hewa ndiyo adui mkubwa wa kipimo hiki. Altrasaundi haitumii mionzi kama eksirei. Hupeleka mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, kisha hupokea mwangwi wake na kuugeuza kuwa picha. Mawimbi hayo hupita vizuri katika maji, lakini yakikuta hewa hurudishwa nyuma. Ndiyo maana ngozi hupakwa ute ule wa baridi ambao wengi huulalamikia.

Wanajeshi hawana sababu ya kuuona ujuzi huu kuwa mgeni kwao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwanasayansi Mfaransa Paul Langevin alitafuta njia ya kuzigundua nyambizi kwa mwangwi wa sauti majini. Miaka mingi baadaye daktari Ian Donald wa Glasgow, ambaye naye alitumikia jeshi la anga la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, alijaribu mashine ya viwandani ya kutafutia nyufa za vyuma, akaielekeza kwa wagonjwa, na mwaka 1958 yeye na wenzake wakatangaza matokeo yao.

Basi anayepimwa ini, kifuko cha nyongo, kongosho au wengu kwa kawaida hukaa saa 6 hadi 8 bila kula. Asivute sigara wala kutafuna ubani, kwa sababu hayo humfanya ameze hewa. Maji kidogo ya kumezea dawa kwa kawaida hayakatazwi. Mwenye ugonjwa wa kisukari asijifungishe kwa ushujaa wake mwenyewe: amwulize daktari kuhusu dawa zake, na aombe kupimwa wa kwanza asubuhi.

Lakini hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kudhani kwamba kila kipimo cha tumbo ni njaa. Mke wa askari polisi mmoja ninayemfahamu, mwenye mimba changa, alishinda bila kula wala kunywa kwa sababu mumewe alikumbuka amri aliyopewa yeye mwenyewe. Alipolala kitandani kibofu kilikuwa kitupu, mfuko wa uzazi haukuonekana sawasawa, na familia ikalala usiku mmoja zaidi na hofu yake. Kwa kipimo chake, kinachofanywa juu ya tumbo, alitakiwa kunywa maji kiasi cha lita moja, ayamalize saa moja kabla, na asiende haja ndogo. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo kando na kuwa dirisha la mawimbi. Wanaume wanaopimwa kibofu na tezi dume hufanya vivyo hivyo, kisha mara nyingi huambiwa wakojoe na kupimwa tena ili ionekane mkojo uliobaki. Mimba ikiisha kuwa kubwa, kibofu kujaa kwa kawaida si lazima. Na kama kifaa kitaingizwa ukeni, kibofu huwa kitupu.

Shingo, matiti, korodani, misuli, na moyo unaopimwa juu ya kifua havihitaji njaa wala maji; mavazi mepesi yanatosha. Majeruhi naye hana maandalizi yoyote. Aliyepigwa risasi au kupinduka na gari hupimwa hapo hapo alipolazwa, kutafuta damu inayovuja ndani, hata kama ametoka kula sasa hivi.

Kwa maoni yangu, lawama haimwangukii mgonjwa peke yake. Kamanda anayemtuma askari mwenye tumbo tupu katika mbio za alfajiri, kisha akamtaka awahi hospitali, hajamsaidia. Na wenzetu wa matibabu waandike maandalizi kwenye karatasi ile ile ya kuombea kipimo, kwa Kiswahili ambacho kuruta anakielewa: ale au asile, anywe kiasi gani, na mpaka saa ngapi. Nafasi ipo, pale chini karibu na sahihi.