Dawa Moja Haiponyi Kila Kifua

Wasomaji wapenzi wa Kinkondja na wa kando ya Ziwa Kisale, juma hili twataka kusema nanyi juu ya desturi iliyoingia nyumbani mwetu. Mtu akikohoa na kushikwa na homa, twakimbilia sokoni kununua vidonge vya jamii ya penisilini, tena vichache tu, kwa kadiri ya fedha zetu. Akipata nafuu twashukuru. Asipopata twanunua vingine. Kumbe siku zapita.

Liko gonjwa la mapafu lisilongojea siku hizo, nalo ni tauni. Hatusemi kwamba limefika kwetu. Ni gonjwa la nadra, lakini huko Ituri limekaa tangu miaka ya 1920. Viroboto wa panya hulipeleka kwa watu. Likishuka mapafuni, mgonjwa hutema kohozi lenye damu, na kwa kukohoa huwaambukiza walio karibu naye. Asipotibiwa, ni vigumu kupona. Mwanzoni mwa mwaka 2005, huko Zobia penye machimbo ya almasi, watu zaidi ya 50 walikufa, na wachimbaji wengi wakakimbia.

Penisilini haiponyi tauni. Zipo dawa zinazoiweza, kama streptomisini, jentamisini na doksisiklini, lakini yapasa zianze mapema, katika siku ya kwanza ya ugonjwa. Basi amezaye dawa isiyofaa kwa siku mbili ametupa zile saa ambazo zingemwokoa. Tena mwaka 1995 huko Madagaska, waganga walikuta vijidudu vya tauni vilivyoshinda dawa kadhaa kwa pamoja, streptomisini ikiwamo. Ndiyo sababu haitoshi kubahatisha. Sharti mgonjwa apimwe.

Vijana wetu husafiri mbali kutafuta madini, na pengine hurudi wakikohoa. Mama, usione haya kumwambia mwuguzi: “Mwanangu ametoka mahali fulani, ameanza kukohoa jana, amekwisha kumeza vidonge hivi.” Maneno hayo matatu yatamwonyesha njia. Wahenga wamenena: mficha maradhi, kifo kitamwumbua. Nanyi wanafunzi mjuao kusoma, waandikieni wazazi katika kikaratasi jina la dawa iliyomezwa na siku ilipoanzwa, wakamwonyeshe mwuguzi. Ni kazi ya dakika moja, nayo yaweza kuokoa nyumba nzima.